Faili Lisilofungwa: Waliopotea Migodini

Mpelelezi apewaye kesi ya mauaji ana maiti mbele yake, na maiti, ijapokuwa haisemi, humwonyesha pa kuanzia. Apewaye kesi ya mtu aliyepotea hana ila jina. Na katika nchi ya dhahabu, toka Kahama hata Geita, mara nyingi hata jina halipo. Kijana hutoka kwao mbali, akafika machimboni akaitwa kwa jina la utani, akashuka shimoni pasipo kuandikwa katika daftari lolote. Siku asipopanda, nani atashuhudia kwamba alishuka? Faili la namna hiyo humfuata mpelelezi hata kitandani, na akistaafu humrithisha mwenzake.

Swali hilo ndilo lililobaki Bulyanhulu, wilayani Kahama, mkoa wa Shinyanga. Mwezi wa Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa huko kwa amri ya Serikali, ili eneo lishikwe na kampuni iliyomilikiwa na watu wa Kanada, na mashimo yakafukiwa. Pakatokea madai mazito kwamba watu zaidi ya 50 walikuwa wangali chini. Serikali na kampuni zilikana. Polisi walisema hawakuona ushahidi. Na mwaka 2002 ofisi ya malalamiko ya Kundi la Benki ya Dunia nayo iliyakataa madai hayo. Mawakili wa chama cha LEAT walishikilia kudai tume huru. Sisi si makadhi wa shauri hili. Lakini, ndugu msomaji, pasipo daftari la walioshuka, adaiye hana hesabu ya kuonyesha, na akanaye pia hana.

Na nyumbani yuko mke. Je, ni mjane au si mjane? Fiqhi humwita mume wa namna hii mafqudi: mali yake hairithiwi mpaka kifo kithibitike au kadhi ahukumu. Ama mkewe, Khalifa Umar (r.a.) alihukumu angoje miaka minne, kisha akae eda ya miezi minne na siku kumi, na Imamu Malik akaishika hukumu hiyo. Imamu Shafi, katika kauli yake ya baadaye, alikaza zaidi: asiolewe mpaka pawe na yakini. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 humdhania mtu kuwa amekufa akitosikika kwa miaka mitano, na dhana hiyo yaweza kupingwa kwa ushahidi.

Wako waonao kauli ya Imamu Shafi kuwa ni ngumu mno kwa mwanamke kijana, nasi twaona wana haki ya kuuliza. Lakini na watazame Nyangalata, hapo hapo Kahama. Tarehe 5 Oktoba 2015 shimo liliporomoka, wengine wakaokolewa mapema, wengine wakakatiwa tamaa. Chini kabisa walikuwamo watu wakila mizizi, vyura na mende, wakinywa maji yaliyodondoka mwambani. Mmoja wao alifariki humo. Watano walitolewa hai tarehe 15 Novemba, siku ya 41. Na waliowagundua hawakuwa wapelelezi, bali wachimbaji wenzao, waliosikia sauti za watu chini ya ardhi.