Mtoto Mkubwa Naye ni Amana

Mama mmoja wa Malaba, muuguzi, alinijia na fomu za kuhamia Kanada kwa ujuzi wake. Mwanawe wa kwanza atatimiza miaka 22 baada ya Ramadhani. “Sheikh, nimtaje, au aje baadaye?”

Nikamwambia: mtaje, na ufanye haraka. Tangu Oktoba 2017 sheria ya huko humhesabu tegemezi mtoto asiye na mwenzi aliye chini ya miaka 22, na umri hushikwa siku yapokewapo maombi kamili. Ukimficha leo, huenda usiweze kumdhamini kesho.

Wazazi wa Busia na Malaba, tayarisheni vyeti vya kuzaliwa mapema, hasa vya waliozaliwa ng’ambo ya mpaka. Mtoto, hata akiota ndevu, ni amana.