Mtundu au Mkorofi?

Mzazi wa Kawempe, jijini Kampala, akifungua ripoti ya muhula na kukuta mwalimu amemwita mwanawe "mischievous", atabaki anajiuliza: acheke, au achume fimbo? Kiingereza chenyewe hakimpi jibu. Neno hilo lina asili ya Kifaransa cha kale, na katika karne ya 14 lilihusu maafa na mikosi. Maana ya utundu ilijitokeza katika karne ya 17, lakini ile ya ubaya haikuhama.

Basi kabla ya kulitafsiri, tazama limeandamana na nani. Likiwa na tabasamu, macho au mtoto, ni utundu tu: yule anayeficha kiatu cha kaka yake, kisha anajitia kukitafuta pamoja naye. Likiwa na uvumi, kesi au habari ya gazeti, mzaha umekwisha. Mwanasiasa anayeiita taarifa "mischievous" hamsifu mwandishi kwa ucheshi. Anamtuhumu kuwa na nia mbaya. Wanasheria nao wana lao. Tangu kesi ya Heydon ya mwaka 1584 huuliza sheria ilitungwa kuondoa "mischief" gani, yaani kasoro gani, na hapo hakuna hata chembe ya kicheko.

Waganda wa Bwaise na Kalerwe, humo humo Kawempe, wana "ekyejo", neno linaloanzia kwenye deko la mtoto na kufika hadi ufidhuli. Kiswahili kimegawa kazi: mtundu, mtukutu, mchokozi, mkorofi. Ukimwita mtundu mkorofi, mama yake atakuja kukuuliza.

Hata hivyo neno la Kiingereza lina kikomo. Chuo Kikuu cha Makerere kimo ndani ya Divisheni ya Kawempe, na wakazi wa Bweni la Lumumba, wenye sanamu lao liitwalo Gongom, wamejulikana kwa vituko vyao. Vituko hivyo vinalistahili neno letu. Lakini Julai 2022 mwanafunzi mmoja alichomwa kisu akafa wakati wa kampeni za uchaguzi wa wanafunzi chuoni hapo. Tukio kama hilo haliitwi "mischievous", isipokuwa labda na mtu anayetaka kulipunguza uzito.

Na matamshi: silabi ni tatu, mkazo kwenye ya kwanza. Wengi huongeza ya nne, na Waingereza wenyewe wamo.