Shule Kando ya Karakana: Chimbuko la Uhaba wa Mafundi na Wahandisi Kivu ya Kaskazini (Sehemu ya Nne)

Mgodi wa Bisie, ulio wilayani Walikale katika jimbo la Kivu ya Kaskazini, ulisimamisha kazi tarehe 13 Machi 2025 vita vilipoukaribia, na wafanyakazi wake wakaondolewa. Siku 6 baadaye wapiganaji wa kundi la waasi la M23 waliingia Walikale mjini, wakaondoka mwanzoni mwa Aprili, na tarehe 9 mwezi huo kampuni ya Alphamin, inayouendesha mgodi huo, ikatangaza kuwa kazi ingerejea hatua kwa hatua. Magazeti ya biashara ya ng'ambo yalishughulika zaidi na bei ya bati, yaani ile metali laini yenye rangi ya fedha inayotumika kulehemu vipande vya simu na kompyuta, ambayo haipaswi kuchanganywa na mabati ya kuezekea nyumba; nayo yalikuwa na sababu, kwa kuwa Bisie peke yake hutoa kama asilimia 6 ya bati yote ichimbwayo duniani. Hata hivyo kwa wakazi wa Pinga, mji mdogo uliokaa mpakani mwa Masisi na Walikale, lipo swali lililo karibu zaidi na maisha yao: mtaalamu aliyetoka mbali akifunga mizigo na kurudi kwao, ujuzi wake hubaki na nani?

Sehemu zilizotangulia za mfululizo huu zilieleza habari za barabara, za wachimbaji wadogo wanaoshuka mashimoni kwa nyundo na patasi, na za biashara ya kasiteriti, ambalo ndilo jiwe litoalo bati; hayo hayatarudiwa. Sehemu hii inahusu watu, na inafaa kutenganisha kwanza majina matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Fundi ni yule aliyejifunza kwa mkono, akikaa na aliyemtangulia mpaka kazi ikamkubali, na njia hiyo ya kujifunza huitwa uanagenzi. Fundi sanifu, ambaye Wakongo humtaja kwa alama ya A2, amemaliza sekondari ya ufundi, anasoma mchoro wa mtambo na anaweza kueleza kwa nini pampu imekataa kuvuta maji. Mhandisi ni yule aliyepita chuo kikuu au chuo cha juu cha ufundi, ambaye hupiga hesabu kabla ya jiwe la kwanza kuwekwa na ambaye jina lake ndilo hutiwa kwenye karatasi. Kazi kubwa yoyote huhitaji mhandisi mmoja kwa mafundi sanifu kadhaa na mafundi wengi. Katika Kivu ya leo mafundi wapo, vyeti vya uhandisi navyo vinaongezeka, lakini ngazi ya kati ndiyo iliyokatika, na bila ngazi hiyo wa juu na wa chini hawasikilizani.

Asiseme mtu kwamba watu wa misitu hii hawakuujua ufundi. Wanyanga, ambao ndio wenyeji wa sehemu kubwa ya Walikale, wana utendi mashuhuri wa Mwindo, uliosimuliwa na Candi Rureke wa kijiji cha Bese mwaka 1956 na kuandikwa na Daniel Biebuyck, kisha ukachapishwa mwaka 1969 kwa ushirikiano na Kahombo Mateene, mtaalamu wa lugha. Katika utendi huo shujaa hawezi kwenda kupambana na baba yake mpaka kwanza wajomba zake, ambao ni popo na tena wahunzi, wamfulie mavazi ya chuma kuanzia kichwani hadi miguuni. Taifa lililomweka mhunzi mahali pa heshima kiasi hicho, likasema kwamba hata shujaa aliyezaliwa na uwezo wa ajabu hupitia kiwandani kwanza, halikuhitaji kufundishwa na mgeni thamani ya kazi ya mikono.

Kilichokuja baadaye ni utaratibu wa makampuni. Kampuni ya Minière des Grands Lacs iliundwa mwaka 1923, Symétain mwaka 1932, na nyingine zikafuata katika Kivu na Maniema, zikichimba dhahabu na kasiteriti na kujenga karakana, hospitali, nyumba za wafanyakazi na mitambo ya umeme wa maji, kama ule wa Lutshurukuru karibu na Kalima na ule wa Belia karibu na Punia. Makampuni hayo yalihitaji mafundi na yalifundisha mafundi: waseremala, mafundi wa injini, mafundi umeme, waendesha mashine. Lakini yalifundisha mkono na kuacha kichwa, kwa maana Mwafrika alionyeshwa jinsi ya kufungua na kufunga mtambo bila kupewa hesabu iliyouzaa, na mchoro ulibaki katika ofisi ya Mbelgiji. Matokeo yake yanajulikana: wakati wa uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo waliokuwa na shahada ya chuo kikuu hawakufika 30 katika nchi nzima.

Mwaka 1976 makampuni 9 yaliunganishwa kuwa moja, ikaitwa Sominki. Wazee wa Kivu bado huitaja kwa masikitiko, na si bure, kwa sababu pamoja na kasoro zake ilikuwa mahali ambapo kijana aliingia akiwa mbeba spana na kutoka akiwa msimamizi wa karakana. Tarehe 24 Oktoba 1985 Baraza la Kimataifa la Bati, ambalo lilikuwa likinunua bati ili kuizuia bei isianguke, liliishiwa fedha, na bei ikaporomoka karibu nusu. Migodi ya Sominki haikuinuka tena. Mitambo ilikaa ikishika kutu, wachimbaji wadogo wakachukua mahali pake, na mwaka 1997 Sominki ikafutwa kabisa. Waandishi wengi huhesabu hasara hiyo kwa tani. Hasara iliyo kubwa zaidi ni kwamba mnyororo wa kurithishana kazi ulikatika wakati ule, kwa kuwa fundi asiye na karakana hana pa kumweka mwanagenzi, na mzee aliyejua tabia ya kila pampu alizikwa na ujuzi wake.

Hapa ndipo inapofaa kumkumbuka mtu mmoja ambaye vitabu vya shule humtaja kwa haraka mno. Paul Panda Farnana alizaliwa mwaka 1888 katika kijiji cha Nzemba karibu na Banana, kule mto Kongo unapoingia baharini, na akapelekwa Ubelgiji akiwa mtoto wa miaka 12. Alisomea kilimo cha bustani katika shule ya Vilvoorde, akahitimu mwaka 1907 kwa sifa, na hivyo akawa Mkongo wa kwanza kumaliza masomo ya juu huko. Mwaka 1909 aliajiriwa na serikali ya koloni na kutumwa kwenye bustani ya mimea ya Eala. Vita vya 1914 vilimkuta Ubelgiji, akajitolea kuwa askari, akatekwa Namur na kukaa kifungoni Ujerumani. Alipotoka alihudhuria Kongamano la Waafrika lililofanyika Paris mwaka 1919, akaanzisha chama cha Wakongo waishio Ubelgiji, na kwa miaka 10 alidai mbele ya wakubwa kwamba Wakongo wapewe elimu kamili na nafasi katika utawala. Mwaka 1929 alirudi Nzemba. Pale, katika kijiji alichozaliwa, alijenga shule na kinu cha kukamulia mafuta, akafa Mei 1930 kabla mavuno yake hayajaonekana.

Shule na kinu mahali pamoja: katika miaka yote iliyofuata hakuna mpango wa elimu ya ufundi uliopita fikra hiyo kwa ubora. Mtoto asomaye asubuhi habari za mgandamizo na kuuona ukifanya kazi alasiri hahitaji kukaririshwa. Makerere ya Uganda nayo ilianza hivyo. Mwaka 1922 ilifunguliwa kama shule ya ufundi yenye wanafunzi 14 waliofundishwa useremala, ujenzi na umakanika, na kabla ya muda mrefu kupita ilielekea kwenye kalamu, ufundi ukatengewa shule yake na hatimaye ukahamia Kyambogo. Uganda ilipata chuo kikuu chenye sifa, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini Afrika Mashariki yote ilipata pia somo baya, kwamba mwenye akili huenda ofisini na aliyeshindwa ndiye apelekwe karakana, na somo hilo limevuka mipaka hadi Masisi, ambako mzazi huuza mbuzi ili mwanawe asome sheria na humsikitikia anayejifunza kulehemu.

Uajiri wa leo unaonyesha matunda ya dharau hiyo. Mgodi wa chini ya ardhi huhitaji wapimaji, wajiolojia, mafundi wa umeme wa nguvu kubwa, mafundi wa mashine za haidroliki, yaani zinazosukumwa kwa mafuta yenye mgandamizo, na watu wa maabara. Na matangazo ya nafasi hizo hudai uzoefu wa miaka kadhaa, ambao kijana hawezi kuupata isipokuwa tayari ameajiriwa. Goma ina Chuo cha Juu cha Ufundi cha ISTA, ina Chuo Kikuu cha Goma na kile cha ULPGL, ina shule ya ufundi ya ITIG ya mapadre wa Don Bosco. Lakini zote ziko mjini, mbali na mgodi, na njia ya kutoka Pinga hadi huko imefungwa na vita mara nyingi kuliko ilivyofunguliwa. Wahitimu wengi huishia kuuza simu au kuhesabu magunia katika maghala ya misaada, na hospitali ya vijijini huzima friji ya chanjo kwa kukosa mtu wa kubadilisha kifaa kidogo kwenye paneli ya jua. Hilo ni jambo la aibu kwa eneo ambalo bati yake imo ndani ya vifaa hivyo hivyo.

Fedha za kuanzia zimekwisha kutajwa na sheria. Kanuni ya Madini iliyorekebishwa mwaka 2018 inaagiza kwamba asilimia 15 ya mrabaha, yaani malipo ambayo mchimbaji huilipa nchi kwa kuyatoa madini yake, iende kwa utawala wa mahali mgodi ulipo, na kwamba kampuni itenge angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wenyeji. Taasisi ya taifa ya mafunzo ya kazi, INPP, iliyoanzishwa mwaka 1964, hukusanya mchango kutoka kwa waajiri kwa kazi hiyo hiyo ya kufundisha. Bisie imo katika sekta ya Wanianga, na Pinga ya upande wa Walikale imo katika sekta hiyo hiyo. Viongozi wa sekta, machifu na wazazi wa Pinga wanaombwa wadai, kabla ya jengo jingine lolote la ofisi, karakana moja yenye jenereta, mashine ya kulehemu, meza ya umeme na mwalimu wa A2 anayelipwa kila mwezi, na darasa lijengwe kando yake ukuta kwa ukuta. Sehemu ya tano itaeleza gharama ya karakana hiyo, kifaa kwa kifaa.