Chipsi za Kimilili: Ni Tumbo au ni Wenzi?

Kimilili, mji wa Bungoma ulioegemea miteremko ya Mlima Elgon, si mji wa njaa. Mahindi yapo, maharagwe yapo, murere haikosekani sokoni, na kuku wa Kibukusu ana heshima yake. Hata viazi hulimwa huko huko mlimani. Basi kijana wa shule anapokiacha chakula cha mamake akaenda kusimama kwenye kibanda cha chipsi, msomaji, tusiliulize tumbo lake. Tuwatazame aliosimama nao.

Nyumbani chakula kina daraja. Kuku akichinjwa kwa Wabukusu, firigisi ni ya baba. Mgeni naye ana lake. Na kijana wa miaka 15, ambaye si mtoto tena wala hajawa mtu mzima, hungoja litakalomfikia. Kibandani hakuna daraja. Mwenye shilingi zake huhudumiwa: smoki hupasuliwa, ikatiwa kachumbari, akaila wima kati ya hirimu zake, asiwepo wa kumwambia ngoja. Hiyo ndiyo ladha anayoinunua. Chumvi na pilipili ni nyongeza.

Hirimu nao wana sheria zao, kali kuliko za baba. Wote wakinunua, asiyenunua huonekana fukara, na kijana ni heri alale na njaa kuliko aonekane hana. Tena simu huleta ya mjini. KFC ilifungua mkahawa wake wa kwanza Nairobi mwaka 2011, na boksi la kuku na chipsi likawa alama ya ujana hata kwa asiyepata kulikanyaga jiji hilo. Shirika la Afya Ulimwenguni lasema mtu mzima asifikishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na soda ya kola ya mililita 300 ina sukari ya vijiko vya chai saba hivi. Kweli tupu, lakini nani asikiaye hayo mbele ya wenzake?

Sisi wa pwani tusijitie utakatifu. Viazi vya karai na bajia tumevila tangu udogoni. Ila mkaangaji alikuwa jirani, na khabari za nani kala na nani zilifika nyumbani kabla yetu. Na chuoni tulisomeshwa kisa cha Umar bin Abi Salama, kijana ambaye mkono wake ulizunguka sahanini, Mtume (S.A.W.) akamfunza kula kilicho mbele yake. Alimfunza akila naye.

Zito zaidi ni hili. Kenya leo, wazee na walimu wakitaja wasichana waliokatizwa masomo kwa mimba, aghalabu hutaja chipsi na safari ya bodaboda. Usemi huo hunichukiza, kwani humwumbua msichana ukamwacha mtu mzima aliyeinunua sahani akijua anachokitaka. Wala msichana huyo hakuvutwa na viazi. Alikaribishwa, akavutiwa kiti, akaulizwa yeye apenda nini.