Macho Mekundu Yanathibitisha Nini?

Falsafa huanza pale mtu anapoambiwa jambo, akauliza: "Umejuaje?" Socrates hakuacha kitabu hata kimoja. Kazi yake ilikuwa kuwauliza watu wa Athens wanajuaje wanachodai kukijua, na mwaka 399 kabla ya Kristo wenzake walimhukumu kifo.

Swali hilo halihitaji chuo kikuu. Msimu wa pamba unapofunguliwa, mkulima wa Bariadi, mkoani Simiyu, akipeleka mzigo kwenye chama cha msingi cha ushirika, jicho lake liko kwenye mizani. Karani akitaja kilo pungufu ya zile alizotarajia, mkulima hakubali hivihivi. Atataka aone mwenyewe, na pengine atadai mzigo upimwe upya. Hapo anafanya falsafa, hata kama neno lenyewe halimjii.

Henry Odera Oruka, aliyefundisha falsafa Chuo Kikuu cha Nairobi hadi alipofariki mwaka 1995, aliwafuata wazee vijijini na kukaa nao kwa mazungumzo marefu. Alikuwa akiwajibu wasomi waliodai kwamba Mwafrika ana mila tu, hana fikra za kuhoji. Aliwakuta wazee wa aina mbili. Wa kwanza wanaijua mila yote, lakini ukiwauliza kwa nini iwe hivyo, jibu lao ni kwamba ndivyo walivyorithi. Wa pili wanaijua mila hiyohiyo na wanaipima: hapa wanakubali, pale wanakataa, na sababu wanazitoa. Hao ndio aliowahesabu kuwa wanafalsafa.

Usukumani, nyumbani kwa mkulima yule wa pamba, tofauti kati ya kurithi na kupima imegharimu roho za watu. Takwimu za serikali za miaka ya 1970 hadi 1984 zilionyesha kwamba zaidi ya watu 3,000 waliuawa nchini Tanzania kwa tuhuma za uchawi, sehemu kubwa yao Usukumani, na wengi wao wanawake. Mauaji hayo yaliendelea miaka mingi baadaye. Kwa vikongwe, alama ya uchawi iliyotajwa mara kwa mara ni macho mekundu.

Tuingie jikoni kwa bibi mmoja mwenye macho hayo. Sehemu nyingi za Simiyu miti imekwisha, kwa hiyo kuni zake ni mabua, mashina ya pamba yaliyong'olewa baada ya mavuno, na kinyesi cha ng'ombe kilichokauka. Kinyesi huwaka taratibu kwa moshi mzito unaochoma macho. Kibanda hakina dirisha. Moto ukififia, mpishi anapiga magoti, anasogeza uso hadi karibu na mafiga, anapuliza. Amefanya hivyo tangu alipokuwa msichana. Ongeza trakoma, ugonjwa wa macho wa maeneo makavu yenye shida ya maji, unaowapata wanawake zaidi kuliko wanaume kwa sababu wao ndio walezi wa watoto wenye maambukizi. Macho yake yangebakije meupe?

Sasa itazame hoja yenyewe. Wachawi wana macho mekundu. Bibi huyu ana macho mekundu. Basi ni mchawi. Hata ukikubali sentensi ya kwanza, ya tatu haifuati, kama ambavyo mbuzi hawi ng'ombe kwa kuwa wote wana miguu minne. Aristotle alilichambua kosa la aina hii zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Inaniuma kwamba mtu anayebishana na karani kwa kilo mbili za pamba humsikiliza mpiga ramli bila swali hata moja, ilhali hapa kinachopimwa ni uhai wa mama wa mtu. Tena mara nyingi nyuma ya tuhuma kuna shamba la mjane, au urithi ambao ndugu wanaumezea mate.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaowacheka wafiwa wanaokwenda kwa mpiga ramli. Mwanaanthropolojia E. E. Evans-Pritchard, katika kitabu chake cha mwaka 1937 kuhusu jamii ya Wazande, alieleza habari ya ghala la nafaka linaloangukia watu waliojipumzisha kivulini mwake. Wazande wanajua fika kwamba mchwa wamekula nguzo. Wanachouliza ni kwa nini lianguke saa ileile, juu ya watu walewale. Mzazi aliyezika mtoto anauliza vivyo hivyo: malaria anaijua, lakini kwa nini mwanangu? Swali lake ni la haki, na daktari hana jibu lake. Hatari inaanza pale uchungu unapodai jibu lenye jina la mtu, na mpiga ramli yuko tayari kulitoa.

Kwenye kikao cha ukoo, kabla jina hilo halijatoka nje ya mlango, mzee mmoja anaweza kuuliza: kuku wa ramli akipasuliwa na mpiga ramli wa pili, asiyejua lolote kuhusu msiba huu wala ugomvi wa shamba, atamtaja bibi yuleyule? Na akimtaja mwingine, tutamwamini yupi?