Tuta: nondo wa Peru kwenye nyanya za ziwani

Ukiingia shamba la nyanya kandokando ya ziwa huko Homa Bay saa sita mchana, hutamwona. Amejibanza katikati ya majani. Ngoja magharibi uitikise miche: nondo wadogo wa kijivu wataruka, urefu wao milimita sita au saba tu, mabawa yana madoa meusi na vipapasio ni vyembamba kama uzi wa shanga. Huyo ni Tuta absoluta. Watanzania humwita kantangaze. Alielezwa kisayansi mwaka 1917 kutokana na nondo waliokusanywa Peru. Mwaka 2006 akaonekana Uhispania, na kufikia 2014 alikuwa ameshaingia Kenya.

Nondo mwenyewe hali nyanya. Jike hutaga, hata mayai 260, na kila yai halifiki nusu milimita. Baada ya siku nne au tano kiwavi huanguliwa, akatoboa jani na kuishi katikati ya ngozi zake mbili, akila nyama ya ndani. Wakulima wengi hukosea hapa. Mstari mwembamba unaojipindapinda ni kazi ya inzi mchimbamajani. Tuta huacha baka pana, jeupe, lenye kinyesi cheusi ndani. Kiwavi huanza na rangi ya maziwa, akageuka kijani, mwisho mgongo ukawa wa waridi. Akikomaa hufika milimita nane, na wengine huingia kwenye tunda penye kikonyo. Kisha wengi huteremka udongoni na kuwa buu wa kahawia.

Ndiyo maana dawa inayopakaa jani kwa nje huwakosa wengi: kiwavi yumo ndani ya jani, buu yuko chini. Na joto humharakisha. Kwenye nyuzi 27 mzunguko mzima huchukua kama siku 24. Kwenye nyuzi 20, kama 40. Kwa hiyo mkulima wa ufukweni hupambana na vizazi vingi kuliko mwenzake wa miinuko ya Kuria, Migori.

Nyanya zikiisha, nondo huhamia mnavu, ile osuga tunayoipenda mezani, inayoota hata nyuma ya jiko. Ng'oeni mabaki ya nyanya mara tu mavuno yanapokwisha, msiyaache shambani. Icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu yenye kituo Mbita, imeleta kutoka Peru nyigu mdogo sana ambaye hutaga yai lake ndani ya kiwavi wa Tuta angali mchanga. Mtoto wa nyigu hukua humo, akimla kutoka ndani.