Kofia za Siku ya Mavazi Shuleni: Tuzitengeneze Nyumbani

Hakuna mwaka upitao bila ya waraka wa skuli kuwafikia wazazi jioni, ukiwaarifu kuwa keshokutwa ni siku ya mavazi na kila mtoto aje na kofia ya kupendeza. Pengine ni kwa ajili ya Siku ya Vitabu Duniani, ambayo UNESCO iliiweka tarehe 23 Aprili. Pengine ni shamrashamra za kuelekea Siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba, au ni siku ya utamaduni, au ni furaha tu ya kufunga muhula. Waraka wenyewe ni mistari miwili. Kazi iko kwa mama, ambaye usiku huo huo hujiuliza kofia hiyo ataitoa wapi.

Kwa familia za pwani zilizofanya maskani Muthangari, suala hili lina uzito wake. Mtaa wetu una majumba yenye bustani na walinzi, na ukitembea kidogo tu kwa miguu unafika Kawangware, ambako shilingi mia mbili ni chakula cha nyumba nzima. Kofia ya dukani yenye sura ya katuni humfurahisha mtoto mmoja, ikamtia unyonge mwenzake. Tena si mara chache mtoto wetu ndiye pekee darasani aitwaye Athman au Mwanaisha. Akija na kitu cha kwao ataulizwa maswali, na ni vyema awe na majibu. Ndiyo maana rai yetu ni moja: kofia ya siku hiyo itengenezwe nyumbani, mtoto mwenyewe akiwa na mkono ndani yake, na ajue kuieleza.

Wako wanaouliza kama michezo ya namna hii inafaa kwa Waislamu. Tunawakumbusha mapokezi yaliyomo katika Sunan ya Abu Daud kuhusu Bibi Aisha, Mwenyezi Mungu amuwie radhi. Miongoni mwa vidude vyake vya kuchezea alikuwa na farasi mwenye mbawa mbili za vipande vya nguo. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipomuuliza juu ya farasi mwenye mbawa, alimjibu kwa kumtaja Nabii Suleiman na farasi wake, na Mtume akacheka hata magego yake yakaonekana. Mchezo wa mtoto, uliotengenezwa kwa vitambaa vilivyobaki, ulipata kicheko katika nyumba bora kuliko nyumba zote. Mipaka yetu basi ni michache: tusifanye israfu, tusimdhihaki mtu wala kabila wala dini, na sitara ya binti ibaki pale pale.

Kabla ya jambo lolote, kichwa kipimwe. Uzi uzungushwe juu kidogo ya nyusi na masikio, kisha ulazwe juu ya rula. Kichwa cha mtoto wa skuli ya msingi aghalabu huwa baina ya sentimita 50 na 54. Mkasi, gundi, sindano na karatasi ngumu ya manila vyatosha kwa nyingi ya kofia tutakazozitaja.

Ya kwanza ni bulibuli ya karatasi. Ikiwa kichwa ni sentimita 52, kata ukanda mweupe wa sentimita 54 kwa 9, uuzungushe na kuugandisha; zile mbili za ziada ni za kupandiana. Kwa kifuniko cha juu, gawanya 52 kwa 3.14, utapata duara la upana wa sentimita 16 na nusu hivi. Liongezee sentimita moja pembeni, uikate iwe meno meno, uyakunje meno hayo na kuyagandisha ndani ya ukanda. Kisha mtoto achore maua na nyota kwa penseli, atoboe michoro yake kwa sindano nene, mtu mzima akiwa karibu. Hapo aelezwe kuwa Lamu kofia ya vito hushonwa kwa mkono, kila kijitundu kikizungushiwa uzi peke yake, na kwamba kofia moja iliyo nzuri huchukua miezi kukamilika. Aelezwe pia kuwa kofia ya aina hii ilivuka bahari hadi Oman, nayo huko huitwa kuma. Mtoto aliyetoboa matundu hamsini ya karatasi akachoka, ataitazama kofia ya babu yake kwa jicho jingine.

Ya pili ni pama ya mvuvi. Pama halisi hushonwa kwa ukili, ule msuko wa miyaa ambao huzungushwa kuanzia utosini hadi kwenye ukingo mpana. Hapa Nairobi ukili si rahisi kuupata, lakini kikapu kidogo kilichokatika mishikio, kikipinduliwa na kushonewa kitambaa cha leso kuukuu kwa ndani kisimkwaruze mtoto, tayari ni pama. Ukingo wake waweza kuwa wa kartoni. Mvuvi wetu akishika na kipande cha wavu, hatauliza mtu amekuja kama nani. (Msala wa bibi usiguswe!)

Ya tatu ni kilemba cha Abunuwasi, hasa kwa siku ya vitabu. Watoto wengi huja wakiwa wahusika wa hadithi za ng'ambo, ilhali Abunuwasi amewachekesha Waswahili kwa vizazi. Chukua kitambaa chepesi cha pamba, kirefu kama urefu wa leso mbili zilizoungwa, ukikunje kiwe ukanda wa upana wa kiganja. Kizungushe juu ya kofia ya kawaida, kila mzunguko ukipandia nusu ya uliotangulia, kisha ukishikize kwa mishono michache ya sindano. Hapo kilemba kitavuliwa na kuvaliwa kizima kizima kama kofia, na hakitafumuka wakati wa kucheza. Mtoto afundishwe kisa kimoja cha Abunuwasi ili akisimulie. Lakini asibandikwe ndevu za bandia na kuitwa shekhe wa kuchekesha, kwani kilemba ni heshima ya wanachuoni wetu, na heshima hiyo haichezewi.

Ya nne ni wanyama wa ngano: sungura, fisi, kobe. Trei ya mayai ya karatasi ni hazina. Vile vikombe vyake, vikikatwa na kupakwa rangi, huwa pua ya fisi au gamba la kobe. Masikio ya sungura hukatwa kwa kartoni ya unga au sabuni na kugandishwa kwenye ukanda wa kichwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa tusiitafute, kwani Kenya iliipiga marufuku tangu Agosti 2017, tena ni hatari kwa pumzi ya mtoto mdogo.

Ya tano ni ya Siku ya Mashujaa. Picha za miaka ya uhuru zinawaonyesha Jomo Kenyatta na Jaramogi Oginga Odinga wakiwa na kofia za shanga. Chukua kofia ya kitambaa iliyochakaa, mtoto aishonee vifungo vya mashati yaliyozeeka, vya rangi mbalimbali, safu kwa safu. Ni kazi ya jioni mbili tatu, nayo humfundisha subira na sindano kwa pamoja. Huko ndiko mtaala wa umilisi, ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, unakotaka mikono ya watoto ielekee.

Sasa tuwageukie mabinti. Kofia nyingi zimebuniwa kwa kichwa kisicho na mtandio, na hapo ndipo mtoto huambiwa auvue kidogo tu. Hakuna haja. Pima kichwa mtandio ukiwa umevaliwa, si kabla. Ongeza sentimita mbili, tumia ukanda wa kitambaa unaofungwa kisogoni badala ya mpira unaobana, na chagua kofia nyepesi. Taji la maua linapendeza kuliko yote: maua madogo meupe ya karatasi laini yakishonewa kwenye utepe wa kijani humkumbusha bibi asumini na vikuba vya pwani. Mwalimu aelezwe mapema kwa maneno mazuri, na aghalabu huelewa. Vivyo hivyo, kofia iliyopendekezwa ikiwa ni ya mchawi au ina alama ya ibada ya wengine, mzazi amwendee mwalimu kwa upole na kofia nyingine mkononi. Anayekuja na badala husikilizwa kuliko anayekuja na lawama.

Yako na madogo ya kukumbuka. Jina la mtoto liandikwe ndani ya kofia. Asiazimane kofia na wenziwe, kwa kuwa chawa na choa cha kichwani husafiri kwa njia hiyo. Na ukibakiwa na manila na gundi, tengeneza kofia ya pili, umpe mtoto aibebe kwa ajili ya mwenzake ambaye huenda akaja kichwa wazi. Hiyo ni sadaka ambayo mtoto wa miaka saba anaweza kuitoa kwa mkono wake mwenyewe.

Kofia moja tu hatuipendekezi kwa mtoto yeyote, nayo ni kilemba cha ukoka. Kazi yake ikipinda, tusimwambie ni nzuri kuliko zote duniani. Tumwambie amejitahidi, na tumwonyeshe pa kunyoosha. Wazee wetu walipomaliza kufunzwa kazi walimpa fundi wao zawadi, na zawadi hiyo iliitwa kilemba. Mtoto atakayeketi na mama yake jioni moja, akapima, akakata na kushona, atakuwa amepata fundi wake wa kwanza. Mwenyezi Mungu awabariki watoto wetu, na aifanye mikono yao kuwa mikono ya kheri. Amin.